Damu Iliyosingiziwa: Mishipa ya Pingili za Shingo na Kazi ya Mpasuaji



Mfupa ukikataa kuunga, mpasuaji hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi lawama huiangukia damu. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Shingo ya mfupa wa paja ikivunjika, kichwa cha mfupa huo kinaweza kufa, kwa kuwa mishipa inayokilisha hupita palepale penye ufa. Skafoidi, kile kifupa kidogo cha kwenye kifundo cha mkono, nacho hupatwa na mkasa huohuo. Basi wataalamu wa zamani walipoona jino la pingili ya pili ya shingo limevunjika shinani na kukaa miezi bila kuunga, waliyachukua maelezo ya pajani wakayapandisha shingoni: pale damu haifiki. Kwa miaka mingi jibu hilo lilitosha kumvusha mwanafunzi kwenye mtihani.

Nimekuja kusema kwamba damu ilisingiziwa. Pingili za shingo zimejaliwa damu ya kutosha na ya kubaki. Mpasuaji wa shingo hupata taabu kwa sababu damu ipo nyingi na ipo karibu mno na ncha ya chombo chake. Asiyeitambua tofauti hii atakosea mara mbili: atakata tamaa mahali ambapo mfupa ungeunga, na atajiamini mahali ambapo angepaswa kuogopa.

Tuanze na ramani. Shingo ya binadamu ina pingili saba, na twiga naye, msishangae, anazo saba. Ya kwanza, atlasi, ni pete isiyo na kiwiliwili, na ndiyo iliyobeba fuvu. Ya pili, aksisi, ina kiwiliwili, na juu yake kumesimama kijiti cha mfupa kinachoingia ndani ya ile pete. Kijiti hicho ndicho tunachokiita jino. Unapotikisa kichwa kukataa jambo, pete huzunguka jino, na karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika hapo. Kwa asili yake jino ni kiwiliwili cha atlasi kilichohamia kwa jirani. Mtoto huzaliwa jino likiwa bado limetengwa na aksisi kwa bamba la gegedu, na bamba hilo huja kuwa mfupa afikapo miaka 5 hadi 7. Ncha ya juu kabisa huchelewa zaidi, hadi karibu miaka 12. Bamba hilo la gegedu naomba mlikumbuke, maana tutalihitaji baada ya muda mfupi.

Kuanzia pingili ya tatu kwenda chini umbo ni moja: kiwiliwili mbele, tao nyuma, na kila upande bawa fupi la mfupa lenye tundu. Ndani ya tundu hilo hupita ateri ya pingili. Huanzia kwenye ateri kubwa iliyo chini ya mtulinga, na kwa watu wapatao tisa katika kumi huingia kwenye tundu la pingili ya sita, ikiliacha tundu la saba kwa vena ndogondogo. Kutoka hapo hupanda tundu kwa tundu kama uzi ndani ya shanga. Ikifika aksisi hupinda kwenda nje, hupita tundu la atlasi, hulala juu ya tao la nyuma la atlasi ikirudi kuelekea katikati, halafu hutoboa utando mgumu na kuingia fuvuni. Humo huungana na mwenzake wa upande wa pili na kuwa ateri moja, basila, inayolisha shina la ubongo na serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Moja ya tano hivi ya damu yote ya ubongo hupitia njia hii.

Hiyo ndiyo ramani ya vitabuni. Kwenye meza ya upasuaji watu hatufanani. Kwa wengi ateri ya kushoto ni pana kuliko ya kulia. Kwa watu kama watano katika kila mia, ya kushoto huchipuka moja kwa moja kwenye tao la aota, na hiyo hupenda kuingia tundu la tano badala ya la sita. Wapo ambao ateri ya upande mmoja ni nyembamba kiasi kwamba haichangii chochote cha maana ubongoni. Mtu wa namna hii anaweza kuishi miaka themanini bila kujua, ila akikutana na mpasuaji asiyejua, atajulishwa kwa njia mbaya.

Ikipanda, ateri ya pingili hutoa vijitawi katika kila ngazi: vya mfupa, vya misuli, na vingine vinavyofuata mizizi ya neva hadi kwenye ugwe wa neva uliomo ndani ya uti. Wala haifanyi kazi peke yake. Mbele ya mabawa hupanda tawi la ateri ya tezi ya thairoidi. Nyuma, katikati ya misuli, hupanda ateri ya kina ya shingo. Juu zipo ateri ya kisogo na ile ya koromeo. Matawi ya zote hizi yanashikana, kiasi kwamba ukiifunga njia moja damu ya mfupa huzunguka na kufika kwa njia nyingine.

Jambo moja katika mpangilio huu limewafaa wapasuaji kuliko wanavyokiri. Kifuani kila pingili hukumbatiwa na jozi ya ateri zitokazo kwenye aota, zinazokata mbele ya kiwiliwili. Anayeingia kwa mbele kifuani hana budi kuzifunga na kuzikata, huku akiomba isiwepo kati yake ile inayolisha ugwe wa neva. Shingoni mbele ya kiwiliwili hakuna mshipa wa namna hiyo unaokatiza katikati. Ndiyo maana njia ya mbele ya shingo, waliyoieleza Robinson na Smith mwaka 1955 na Cloward mwaka 1958, ilienea upesi hivyo duniani. Unapasua ngozi, unaisogeza ateri ya karotidi nje, unasogeza umio na bomba la hewa ndani, unafika kwenye mfupa mweupe, na gozi zako bado hazijalowa. Pingili mbili zikiunganishwa kwa kipande cha mfupa kutoka nyongani, huunga kwa uaminifu, kwa sababu viwiliwili vya shingo vina uboho mwekundu na mishipa inayoingia kwa mbele na kwa nyuma na kukutana ndani. Anachotakiwa mpasuaji ni kukwangua gegedu mpaka mfupa utoe matone ya damu, asizidishe akavunja bamba gumu linalobeba uzito. Na mgonjwa aache sigara, maana nikotini hudhoofisha kuunga huku.

Sasa turudi kwenye jino.

Jino lina taabu ya kipekee. Mbele yake kuna kiungo kinacholikutanisha na tao la atlasi, na nyuma yake kuna kiungo kingine kinacholikutanisha na ligamenti pana inayolizuia lisiangukie ugwe wa neva. Viungo vina utelezi, na mshipa hauwezi kuingia mfupani kupitia uso unaoteleza. Kwa hiyo pande mbili za katikati ya jino zimefungwa. Chini, utotoni, kuna lile bamba la gegedu, na gegedu haivukwi na mishipa ya kutosha kulisha mfupa ulio juu yake. Mtu akitazama hivyo tu atasema: mbele pamefungwa, nyuma pamefungwa, chini pamefungwa, basi kijiti hiki kinaishi kwa njaa. Hivyo ndivyo walivyofikiri.

Lakini mwili ulikwisha kulitatua fumbo hilo tangu utotoni, na ulilitatua kwa kupitia juu. Mwaka 1973 Schiff na Parke walichapisha uchunguzi wao wa mishipa ya jino kwenye maiti, na mwaka 1977 Althoff na Goldie wakatoa wao. Picha iliyopatikana ni hii. Kwenye usawa wa pingili ya tatu, kila ateri ya pingili hutoa vijiateri viwili vinavyopanda, kimoja mbele ya kiwiliwili cha aksisi, kingine nyuma yake. Hupanda kandokando ya jino bila kuligusa, mpaka juu, na pale nchani vya kulia na vya kushoto hukutana na kufanya tao la mishipa. Matawi ya ateri ya koromeo huja kuchangia. Kutoka kwenye tao hilo vijimishipa hushuka na kuingia mfupani pamoja na ligamenti zinazoifunga ncha ya jino kwenye fuvu. Jino, kwa ufupi, hulishwa kutoka juu kupitia kamba zake, na kutoka chini kupitia kiwiliwili cha aksisi baada ya lile bamba kuwa mfupa.

Tazameni maana yake. Likivunjika shinani, kipande cha juu hubaki na ligamenti zake, na pamoja nazo hubaki na damu yake. Kipande cha chini nacho kina aksisi nzima ya kukilisha. Hakuna upande ulioachwa na njaa.

Ushahidi wa maiti peke yake haunitoshi, na haukuwatosha wenzetu wa Durban, Afrika Kusini. Govender na wenzake walichapisha mwaka 2000 habari za wagonjwa waliovunjika jino, na 18 kati yao walipigwa picha za mishipa kwa kudungwa dawa ndani ya ateri ya pingili wakiwa hai: kumi wenye majeraha mapya, wanane ambao mfupa ulikuwa umekataa kuunga. Damu ilikuwa inafika kwenye jino katika makundi yote mawili. Nawaomba wanafunzi wausome uchunguzi huo, kwanza kwa ubora wake, pili kwa sababu umefanywa katika bara hili, katika hospitali zinazopokea majeruhi wa barabarani kama tunavyopokea sisi.

Upo ushahidi mwingine ambao binafsi naupenda zaidi, kwa kuwa umeletwa na maumbile yenyewe. Kuna watu ambao jino lao halikushikana na aksisi. Badala yake kuna kifupa laini cha mviringo kinachoelea juu, kimeachana kabisa na shina. Mwaka 1980 Fielding na wenzake walieleza kwamba wengi wa hao huenda walivunjika jino wakiwa wadogo bila mtu kujua, kipande cha juu kikavutwa na ligamenti kuelekea kwenye fuvu, kikabaki huko. Na kimeishi! Kimekuwa na gamba gumu pande zote, kimedumu miaka bila kuungana na chochote. Mfupa uliokosa damu haufanyi hivyo.

Kama si damu, ni nini basi? Anderson na D'Alonzo mwaka 1974 waliyagawa majeraha ya jino katika aina tatu. Aina ya kwanza ni ncha tu, na ni adimu. Ya pili ni shinani, mahali jino linapokutana na kiwiliwili. Ya tatu ufa umeshuka ndani ya kiwiliwili chenyewe. Ya tatu huunga vizuri, ya pili ndiyo korofi, na umbali kati ya hizo mbili ni milimita chache. Watu wa Durban walipima nyuso za mfupa wakakuta kile ambacho jicho lenyewe linaona: ufa wa aina ya tatu una eneo pana la kugusana, lenye mfupa wa sponji uliojaa uboho, ilhali shinani uso ni mdogo, umezungukwa na gamba gumu, na kwa wazee sponji ya hapo huwa imekonda sana. Ongezeni ligamenti zinazovuta kipande cha juu, na kichwa kizito kinachoyumba juu yake kila mgonjwa anapokohoa au kujigeuza kitandani. Vipande vikiachana milimita tano au zaidi, matumaini hupungua. Umri nao hauna huruma: Lennarson na wenzake waliripoti mwaka 2000 kwamba mgonjwa wa miaka 50 na zaidi aliyefungwa fremu ya chuma kichwani alikuwa na hatari ya kutounga mara 21 kuliko wa chini ya umri huo.

Fremu hiyo ina historia yake. Perry na Nickel waliieleza mwaka 1959 huko Kalifonia kwa ajili ya wagonjwa wa polio ambao misuli ya shingo ilikuwa haiwezi kushika kichwa. Hufungwa kwa pini kwenye fuvu na kushikiliwa na fulana ngumu ya kifuani. Kijana huivumilia. Mzee hapumui vizuri, hali vizuri, na akianguka nayo ni balaa juu ya balaa.

Kwa hiyo uamuzi hubadilika ukishaiondolea damu lawama. Ukiamini kwamba jino limekufa, utamwambia mgonjwa hakuna la kufanya, au utakimbilia kuzifunga pingili mbili zisisogee tena maisha yake yote. Ukijua kwamba linaishi, utalirudisha mahali pake na kulishikilia. Kwa jeraha bichi lenye mlalo unaofaa, na ligamenti ya nyuma ikiwa nzima, skrubu moja au mbili kutoka mbele huweza kulibana jino kwenye shina lake, kama alivyoonyesha Böhler mwaka 1982. Njia hiyo hupita mbali na ateri ya pingili na humwachia mgonjwa uwezo wa kugeuza kichwa. Ila inataka mgonjwa afike mapema. Anayeletwa wiki sita baada ya kuanguka kwenye mnazi, au baada ya kurushwa na bodaboda na kupewa dawa ya maumivu tu, huwa amekwisha kuipoteza nafasi hiyo, na itabidi tuingie kwa nyuma.

Na nyuma ndiko kwenye hofu ya kweli.

Kuzifunga atlasi na aksisi kwa nyuma kulianza kwa waya. Gallie alieleza namna yake mwaka 1939, Brooks na Jenkins wakatoa yao mwaka 1978. Waya zilishika kiasi, zikalegea. Magerl akaja na skrubu ndefu inayopenya aksisi, inavuka kiungo na kuingia atlasi. Ushikaji wake ni wa ajabu, lakini njia ya skrubu hiyo ndani ya aksisi hupita jirani kabisa na pindo la ateri. Kwa watu wengine, labda mmoja katika watano, pindo hilo limepanda juu na ndani kiasi kwamba angalau upande mmoja hauna mfupa wa kutosha kupitisha skrubu salama. Goel na Laheri wa Mumbai mwaka 1994 walieleza njia ya kuweka skrubu kila pingili kwa nafsi yake na kuziunga kwa bamba, na Harms na Melcher mwaka 2001 wakaiendeleza kwa kutumia vijiti. Hii inampa mpasuaji uhuru zaidi wa kuchagua pembe, ila ateri haikuhama: bado ipo nje ya skrubu ya aksisi na juu ya ile ya atlasi.

Kwenye tao la nyuma la atlasi tunawafundisha vijana kipimo: kutoka mstari wa katikati, usikwangue zaidi ya sentimita moja na nusu kwa uso wa nyuma, wala zaidi ya sentimita moja kwa ukingo wa juu. Kipimo hiki ni cha mtu mzima wa kawaida, na mtoto ana chake kidogo zaidi. Halafu kuna mtego ambao Young na wenzake waliuandikia mwaka 2005. Kwa baadhi ya watu, daraja dogo la mfupa limeota juu ya ateri pale inapolala kwenye atlasi. Mpasuaji akitazama kwa nyuma huona tao nene zuri, akafurahi, akasema hapa skrubu itashika. Anachokiona kuwa mfupa mnene ni paa la ateri. Skrubu ikiingia pale imeingia ndani ya mshipa unaolisha shina la ubongo. Daraja hilo huonekana kwenye eksirei ya kawaida ya ubavu wa shingo, mwenye kulitafuta hulipata.

Kwa mbele pia ateri ipo, ingawa imejificha. Mwongozo wa mpasuaji ni misuli miwili mirefu iliyolala kandokando ya viwiliwili. Katikati yao ndipo katikati ya uti. Msuli mmoja ukikwanguliwa kuliko mwingine, au kichwa cha mgonjwa kikigeuka kidogo chini ya shuka, mtu huamini yuko katikati kumbe amehamia upande. Keekee ikisonga milimita chache nje ya ukingo wa kiwiliwili inakutana na ateri. Wapo pia wagonjwa ambao ateri yao imejipinda na kulichimba tumbo la kiwiliwili, hata ikawa ndani kuliko ilivyochorwa popote. Ajali hii ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja katika mia. Lakini ikitokea, takwimu hazimsaidii aliye mezani.

Nitasema yanayofanywa ikitokea, kwa sababu vijana hawaambiwi mapema. Damu nyekundu inaruka. Bonyeza, mwambie daktari wa usingizi kwa sauti ya kawaida, agiza damu. Usichome kwa umeme ovyo, maana hapo ndipo mizizi ya neva ilipo. Kama imetoka kwenye tundu la keekee, mara nyingi skrubu yenyewe ikiingizwa huziba. Na upande wa pili usiguse: upasuaji wa upande huo umekwisha kwa siku hiyo, kwani ukizijeruhi ateri zote mbili umemuua mtu au umemwachia mwili usiotii. Kuifunga ateri kwa uzi kunawezekana, ila huna haki ya kuifunga kama hujui ya upande wa pili ikoje. Hapa ndipo yule mtu mwenye ateri moja nyembamba anapojulikana. Na hata mgonjwa akiamka anatabasamu, apigwe picha ya mishipa, kwa maana ukuta uliojeruhiwa unaweza kufura polepole na kupasuka baadaye.

Yote haya yanazuilika kwa kipimo cha CT chenye dawa ya mishipa kabla ya upasuaji, au MRI inapopatikana. Najua gharama zake na najua umbali wa mashine kutoka wilaya nyingi. Bado nasema: skrubu ya atlasi au ya aksisi isiwekwe na mtu ambaye hajaiona ateri ya mgonjwa huyo, pande zote mbili.

Ugwe wa neva una hesabu yake. Ateri moja ya mbele, iliyoundwa na matawi ya ateri mbili za pingili, hulisha theluthi mbili za mbele za ugwe. Mbili za nyuma hulisha iliyobaki. Njiani huongezewa na vijiateri vichache vinavyoingia pamoja na mizizi ya neva. Mambo mawili yanafuata hapa. La kwanza, sindano za steroidi zinazodungwa kwenye matundu ya neva za shingo: chembe za dawa zikiingia kwenye kijiateri cha namna hiyo huziba damu ya ugwe au ya ubongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu sindano za steroidi za uti mwaka 2014. La pili ni la wauguzi wa wodi. Ugwe uliojeruhiwa hushindwa kujirekebishia damu yake, hutegemea shinikizo la mwili mzima. Mwongozo uliozoeleka ni kulishikilia shinikizo la wastani la ateri kwenye milimita 85 hadi 90 za zebaki kwa wiki ya kwanza. Muuguzi anayelipima usiku wa manane na kumwamsha daktari likishuka anafanya kazi ambayo kisu changu hakiwezi.

Vena nitazipitia upesi. Zimeufunika uti ndani na nje kwa wavu mpana, na hazina vali, hivyo damu huenda popote shinikizo linapoisukuma. Batson alionyesha mwaka 1940, kwa kudunga dawa kwenye maiti, jinsi wavu huo unavyounganisha nyonga na uti mpaka fuvuni, na tangu hapo tukaelewa kwa nini saratani ya tezi dume hupenda kupanda kwenye pingili. Kwa mpasuaji maana yake ni ya kila siku: mgonjwa akilazwa kifudifudi huku tumbo limebanwa, damu ya tumboni hukimbilia kwenye wavu huo, na jeraha la shingo halikauki. Tumbo liachwe lining'inie. Kati ya atlasi na aksisi wavu ni mnene hasa, na damu yake hutulizwa kwa pamba, kubonyeza na subira.

Vena hizohizo zina habari kwa kina mama waliopo. Parke, yuleyule wa jino, pamoja na wenzake walieleza mwaka 1984 vena zinazounganisha koromeo na wavu wa pingili za juu. Mtoto akiugua koo au baada ya kukatwa tonsili, uvimbe huweza kupita njia hiyo ukalegeza ligamenti za atlasi, pete ikateleza. Grisel aliandika juu ya hali hii mwaka 1930. Mtoto huamka kichwa kimelala upande mmoja, hataki kiguswe. Wengi hudhani amelala vibaya, wakamkanda kwa mafuta ya moto na kumnyoosha. Msimkande. Mleteni hospitali, maana akiwahi, dawa na kola ya shingo mara nyingi hutosha.

Na kwa kina baba, neno kuhusu vinyozi. Kuna kinyozi ambaye akimaliza kunyoa hukukanda mabega, halafu anashika kidevu na kisogo na kuialisha shingo kwa ghafla, ka! Wateja huipenda. Mahali ateri ya pingili inapopinda kati ya aksisi na atlasi ndipo inaponyooshwa zaidi kichwa kinapozungushwa, na mzunguko wa ghafla unaweza kuuchana utando wake wa ndani. Damu huingia kati ya tabaka za ukuta, bonge likaganda, kipande kikapanda ubongoni. Si kila anayealishwa shingo hupatwa na hayo, ni wachache mno, lakini miongoni mwa waliopatwa wamo vijana wasio na presha wala kisukari. Dalili ni maumivu makali mapya ya upande mmoja wa shingo na kisogo, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba, kushindwa kumeza au kutamka. Zinaweza kuja saa ileile au baada ya siku kadhaa. Anayezipata aende hospitali yenye CT siku hiyohiyo, na amwambie daktari, kabla hajaulizwa, kwamba alialishwa shingo.